Saa Moja na Nusu kutoka Bruxelles hadi Copenhague

Wamama wa kwaya, na ninyi tunaouza maharage pamoja siku za soko Musienene, mmeniuliza habari za Ulaya hadi nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Kila nikianza kusimulia, mteja anakuja, maneno yanakatikia njiani. Basi nimeandika. Atakayeipata karatasi hii awasomee wengine. Mambo ya viza na tikiti nayaruka, maana nikiyagusa tu nitachana daftari.

Mnajua mimi Masika ni mkubwa wa watoto watatu, ndiyo maana wadogo zangu wananiita yaya, dada mkubwa. Baba alipofariki niliacha shule, mwaka wa pili wa sekondari, nikaanza kubeba viazi. Mama alitutoka mwaka wa Ebola, kule Mangina. Anayenifuata ni Paluku, yuko Bruxelles, nchi ya Ubelgiji, anapanga vifurushi katika depo. Wa mwisho ni Kavira, yuko Copenhague, nchi ya Denmark, na anaishi peke yake tangu mumewe alipoondoka.

Kavira ndiye mgonjwa. Miezi mitano alikuwa anaingia na kutoka hospitalini. Waganga walisema vali moja ya moyo imeharibika, lazima kifua kifunguliwe. Siku ya kwanza waliyompangia, aliteremka kitandani, akavaa nguo zake, akarudi nyumbani. Akanipigia simu.

“Yaya, siingie mu bloc ya kupasuliwa kama hakuna mutu wa kwetu kwa mulango. Nikufie mule na hakuna mwenye kujua hata mama yangu alikuwa nani?”

Wakampa siku nyingine, Alhamisi asubuhi. Wakamwambia moyo ule hautangoja siku ya tatu.

Nilimwambia Paluku aende. Akajibu: “Yaya, ni mbali. Ni inchi ingine. Katikati kuna Allemagne muzima, kuna na bahari.” Nilimuuliza Kavira mwenyewe, naye akasema: “Ni mbali, yaya. Umuache tu.” Mimi sijui ramani ya Ulaya, wala hiyo Allemagne, Ujerumani, iko wapi. Wote wawili waliposema mbali, niliona safari ya kwenda Kinshasa kwa kupitia msituni. Nikasema, kama ni hivyo, nitaenda mimi.

Nikafunga mizigo ya garde-malade, kama kila mmoja wenu angefunga: sufuria ndogo, beseni, mkeka, vitenge viwili, sabuni, unga wa muhogo, maharage, na jibini nzima ya Lubero. Anayelinda mgonjwa ndiye anayempikia, anamwosha, analala chini ya kitanda chake. Sikufikiria kwamba kuna mahali duniani ambapo mambo hayaendi hivyo.

Butembo – Beni

Kilometa hamsini na nne. Niliondoka Jumamosi alfajiri, nikijisemea kwamba saa nne asubuhi nitakuwa Beni nakunywa chai.

Tulipopita nusu ya njia tukakuta Fuso ya mbao imelala katikati ya barabara, magurudumu ya nyuma yamezama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Magari yalikuwa yamejipanga pande zote mbili. Chofere wetu akazima mota, akatoa karanga mfukoni, akaanza kuzimenya moja moja kama mtu aliye likizo.

Katika gari letu alikuwemo pasta mmoja mwenye suti ya kijivu. Akateremka, akakunja suruali, akatuita.

“Bamama, tuombe kwanza.”

“Papa pasta,” nikamwambia, “uombe ukiwa unasukuma.”

Watu wakacheka, yeye pia, na kweli akasukuma. Tope likamrukia hadi kwenye tai. Lakini Fuso haikutoka. Mwenye Fuso alikuwa amekaa juu ya mbao zake, anatutazama.

“Weye, uteremushe mbao,” nikamwambia. “Gari itapata nguvu.”

“Mama, mbao ni ya mutu. Ikiibwa?”

“Nani aibe mbao hapa? Ataiweka mu mufuko?”

Hakushusha hata ubao mmoja. Ilikuja lori nyingine saa nane mchana ikamvuta kwa mnyororo. Tuliingia Beni karibu saa kumi jioni. Kilometa hamsini na nne, kutwa nzima, kwa sababu barabara inayobeba chakula cha mji mzima hakuna anayeihurumia. Nililala mtaa wa Beu kwa shangazi yangu. Jumapili magari hayakupewa askari wa kuyasindikiza, nikakaa. Shangazi alipika sombe nzuri, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Niliila kwa hasira, wala sikumsifu, na hadi leo naona aibu.

Beni – Kasindi

Jumatatu asubuhi magari yalipangwa mstari, maana njia ya Kasindi haipitwi peke yako. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mkubwa wa askari. Tulimngoja. Tukaambiwa anaoga. Baadaye tukaambiwa anakula.

Askari mmoja akaja kupekua mizigo. Akafungua mfuko wangu: sufuria, beseni, mkeka.

“Mama, unahama?”

“Naenda kulinda mugonjwa.”

“Wapi?”

“Denmark.”

Akawaita wenzake. “Mukuje kuona! Mama anaenda garde-malade kule Poto na beseni yake.” Wakaja watatu, wakashika beseni langu, wakaligeuzageuza. Mmoja akaniuliza kama huko Poto, yaani Ulaya, hakuna beseni.

“Beseni ziko,” nikasema. “Mutu wa kwetu njo hayuko.”

Huyo hakucheka tena. Akafunga mfuko mwenyewe, akaunyoosha vizuri.

Tuliondoka saa tano na nusu. Njiani niliona mashamba ya kakao, kilometa baada ya kilometa. Kakao imeiva hadi inaozea mitini, na hakuna hata mtu mmoja wa kuichuma, kwa sababu waasi wamejificha humo, ukiingia huenda usitoke. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza. Kila mmoja wetu ana mtu wake aliyebaki kwenye mashamba kama yale. Nilisaga meno hadi Kasindi.

Kasindi – Entebbe

Sina mengi hapa. Tulivuka mpaka, nikapanda basi. Pembeni yangu alikaa mama Mkonjo wa upande wa Uganda, na lugha yake ni yetu tu, ila anaivuta kidogo. Nikamweleza safari yangu. Akanipa chapati iliyokunjiwa yai ndani, akanilazimisha niile mbele ya macho yake. “Mwenye kulinda mgonjwa anaanza na tumbo lake,” akasema. Alipoteremka Kasese nilijisikia mpweke kuliko nilivyotegemea. Jumanne nikafika uwanja wa ndege.

Entebbe – Bruxelles

Ndani ya ndege walileta chakula katika visahani vidogo vidogo, kama vya watoto wanaocheza jikoni. Nilikula wali, nikauweka mkate na siagi kwenye mkoba kwa ajili ya Kavira. Msichana wa ndege akaniona, akaniongezea mkate mwingine bila kusema kitu. Huyo ni mmoja wa watu wawili ambao sikuwakasirikia Ulaya yote.

Jumatano asubuhi nikasimama mbele ya ofisa wa mpaka. Akasoma karatasi zangu, akauliza kwa Kifaransa ninaenda kwa nani.

“Kwa mdogo wangu, Kavira.”

“Na hapa unapokelewa na nani?”

“Na mdogo wangu mwingine, Paluku.”

Akanitazama. “Wewe ni Masika. Huyu ni Kavira. Yule ni Paluku. Watu watatu, majina matatu, halafu ni familia moja?”

Nilimweleza polepole, kwa Kifaransa changu cha mwaka wa pili. Kwetu mtoto anapewa jina la nafasi yake. Masika ni msichana wa kwanza, Kavira ni msichana wa pili, Paluku ni mvulana wa kwanza. Mtu yeyote wa Butembo akisikia majina hayo anajua nani alimbeba nani mgongoni. Akauliza tena kama nina hati yenye jina la ukoo. Hapo nikachoka.

“Jina langu lenyewe linasema mimi ni dada yao mkubwa,” nikamwambia. “La kwako linasema nini?”

Kisha akapiga muhuri. Mbele kidogo wakafungua mizigo, wakaichukua jibini. Nzima. Walisema ni sheria. Niliwatazama wakiitupa kwenye pipa kwa mikono yenye glovu, kama kitu kilichookotwa jalalani.

Bruxelles – Copenhague

Paluku alikuwa amesimama nyuma ya kamba. Amenenepa, ameota ndevu. Miaka sita sikuwa nimemwona. Alinikumbatia muda mrefu, kisha tukakaa kwenye viti vya chuma kungoja ndege yangu ya pili. Alikuwa ameniambia tu kwamba nitafika kwa Kavira Jumatano. Nilidhani ni jioni, baada ya kuruka mchana kutwa juu ya hiyo Allemagne na hiyo bahari. Nikatoa viazi vya kuchemsha nilivyobakiza tangu Entebbe.

“Kula viwili. Vingine naweka ya njia, nitakuwa hewani mpaka jioni.”

Paluku akakishika kiazi, asile.

Mama mmoja aliyekuwa anapiga deki karibu nasi akasimama, akaegemea fimbo ya tambara lake. “Munaongea Swahili? Miye ni wa Bukavu. Unaenda wapi, mama?”

“Copenhague.”

“Aa, kwa mutoto yangu kabisa! Naendaka kila Noeli.” Akakitazama kifurushi cha viazi. “Lakini mama, byote ile ya nini? Ni safari ya saa moja na nusu. Ukipandisha maharagi kwa moto saa hii, utafika kule hayajaiva.”

Nilidhani ananitania. Nikamgeukia Paluku. Alikuwa anatazama viatu vyake.

“Kilometa ngapi?” nikamuuliza.

“Mia saba hamsini hivi.”

“Na ni saa moja na nusu?”

“Ndiyo, yaya.”

Yule mama akaona hewa imebadilika. Akasema “Bon, safari njema,” akasogeza ndoo yake mbali.

Jamani, hasira niliyoipata pale sikuwahi kuipata. Nimekaa kutwa kwenye tope la Beni. Nimengoja mkubwa wa askari ale. Nimepita katikati ya kakao ya watu waliokufa. Na huyu, mwenye viatu visafi, miezi mitano yuko umbali wa sufuria moja ya maharage.

“Kazi banakukatazaka kuondoka?”

“Hapana.”

“Uligombana naye?”

“Hapana, yaya.”

“Basi juu ya nini?”

“Siwezi kuelezea hapa.”

“Utaelezea wapi? Kwa matanga yake?”

Nilimwambia mengi, mengine siyaandiki. Nilimwambia shule aliyosoma ni ile niliyoiacha mimi. Nilimwambia asiniite yaya tena. Watu walikuwa wanatutazama. Nikachukua beseni langu, nikaenda kupanga mstari bila kumpa mkono. Nilipogeuka mara moja, bado alikuwa amekaa, kiazi mkononi.

Ndani ya ndege niliweka macho kwenye saa. Wakanipa maji. Nikaanza kula kipande cha mkate. Sikukimaliza, rubani akasema tunateremka. Bahari yenyewe ilikuwa pale dirishani, kitu cha kijivu, tukaivuka kama mtu anavyoruka mtaro. Nililia kwa hasira, na mzungu aliyekaa karibu akanipa kitambaa cha karatasi.

Kitandani kwa Kavira

Kavira alikuwa amebaki macho tu. Aliponiona na mfuko na beseni alicheka hadi akashika kifua, nami nikamwambia aache kucheka asijeruhi moyo kabla ya waganga kuujeruhi.

Nikatandika mkeka chini ya kitanda. Akaingia muuguzi, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, akasimama akatazama mkeka, akamwuliza Kavira jambo.

“Anauliza kama na weye uko mugonjwa.”

“Umuambie miye ni garde-malade.”

“Yaya, ile neno haiko huku.”

“Basi umuelezee.”

Wakaongea kwa muda. Yule muuguzi alisikiliza hadi mwisho. Kavira akanigeukia. “Anasema kazi ile yote banaifanyaka bao. Kupika, kuosha, yote. Anasema jioni wageni banarudia kwabo.”

“Umuambie miye si mugeni.”

Kavira akatafsiri. Muuguzi akaenda, akarudi anasukuma kiti kikubwa cha kuegemea. Akakiweka karibu na kitanda, akaukunja mkeka wangu mwenyewe kwa heshima. Huyo ndiye wa pili.

Alhamisi asubuhi walikuja kumchukua. Tulikuwa na dakika chache. Kavira akanishika mkono.

“Paluku alisema nini?”

“Usiniulize ile mutu. Saa moja na nusu, na ananiambia ni mbali.”

“Yaya, miye naishi huku. Ni miye nilimuambia akuambie vile.”

Sikuelewa. Nikamwambia aseme tena.

“Alikuja. Mara moja, wakati nilianza kulala hapa. Nilimuona kwa dirisha. Alisimama kule chini, kwa ile mulango ya vioo, masaa mbili. Hakuingia. Akarudia Bruxelles. Alinipigia simu, analia kama mutoto. Anasema anaona ule uzio ya Mangina. Nikajua ukisikia, hautamusamehe. Bon, nikasema ni mbali.”

Wakakisukuma kitanda. Nikatembea pembeni yake hadi pale ninaporuhusiwa kufika. Akasema, “Uko kwa mulango?” Nikasema, “Niko.” Akaingia.

Sasa niwaambie jambo ambalo hata ninyi mliokuja msibani hamkulijua. Mama alipokuwa kwenye kituo cha Ebola kule Mangina, tulikokuwa tunaishi wakati ule, hakuna aliyeruhusiwa kumlinda. Kulikuwa na uzio wa plastiki, tunamwona kwa mbali. Mimi nilikuwa na viazi vya watu vya kubeba. Nilimwambia Paluku, aliyekuwa bado kwenye shati la shule: kaa pale kwenye uzio kila siku, mama aone mtu wa kwetu. Alikaa. Siku walipomtoa mama ndani ya mfuko mweupe, yeye alikuwa pale peke yake. Alikuja kuniambia kwa miguu. Na mimi, kwa sababu watu wa matanga walikuwa njiani, nilimpa kidumu nikamtuma maji. Sikuwahi kumuuliza aliona nini. Miaka yote ile, sikumuuliza.

Hasira haikuondoka. Ilinigeukia mimi mwenyewe, na hapo ilikuwa nzito zaidi.

Nilimpigia Paluku simu. Ikaita mara moja tu.

“Uko wapi?” nikamuuliza.

“Huku chini, yaya. Nilichukua ndege ya kwanza. Niko inje.”

Nilimweleza yule muuguzi kwa mikono na kwa Kifaransa kidogo: mimi niko chini, mlangoni. Akaelewa. Nikateremka. Paluku alikuwa kwenye benchi la mawe kwenye upepo, ameinamia magoti. Nikakaa karibu naye. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini ninyi mnanijua.

“Ulikula?” nikamuuliza.

“Hapana.”

“Sasa uniambie. Siku ile, uliona nini?”

Alinieleza. Ilimchukua muda mrefu, na alianza na mambo madogo, jinsi mama alivyokuwa akiinua mkono kila asubuhi, hadi asubuhi ambayo hakuinua. Sitayaandika. Yalikuwa yake peke yake, sasa ni yetu sisi wawili.

Mchana ulikuwa umepita muuguzi alipotoka, mikono wazi kwenye baridi ile, anatutafuta kwa macho. Alikuwa anatabasamu kabla hajatufikia. Akatueleza kwa mikono: Kavira ametoka, moyo unapiga vizuri, ameanza kufungua macho. Akaonyesha kidole kimoja: mtu mmoja tu aingie, muda mfupi.

Nilikuwa nimesimama tayari. Nilikuwa nimetoka Butembo kwa ajili ya dakika ile. Nikakaa tena.

“Enda weye,” nikamwambia Paluku.

“Yaya, siwezi.”

“Miye niko hapa nyuma yako. Siondoke.”

Mlango ule unajifungua wenyewe mtu akiukaribia. Alisogea, ukafunguka, akarudi nyuma, ukafunga. Akasogea tena, ukafunguka, akasimama, ukafunga. Yule muuguzi alingoja ndani bila kumwita. Mara ya tatu ulipofunguka, Paluku aliingia.